Siku Guizhen Alipolijaribu Gari Jeupe

Tan Guizhen alimvunja babake mkono akiwa na miaka kumi na sita. Alitumia mti wa mzegamzega, wa kubebea mizigo begani, uleule ambao mzee alikuwa ametoka kumpigia mamake, na alipiga mara moja tu. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Kisha akaketi kizingitini, mti kaulaza mapajani, akasema, "Ukinyanyuka, navunja na wa pili."

Mzee hakunyanyuka. Kijiji ndicho kilichonyanyuka kwa niaba yake. Wakaja wajomba, wakaja mashangazi, na hata mamake mwenyewe, jicho moja limefumba kwa uvimbe, alimwambia, "Umetuvua nguo, mwanangu. Nani atakuoa sasa?" Kabla ya mavuno Guizhen alikuwa amepanda basi la kwenda Liuzhou. Aliyemsindikiza hadi barabarani alikuwa mdogo wake Ailing peke yake, kitoto cha miaka mitano, miguu mitupu, kikilia, kamasi hadi kidevuni.

Mjini alipata kazi sokoni, kwenye meza ya kukatia nyama ya nguruwe. Wenye kazi hiyo walikuwa wanaume watupu. Wa kwanza kumtania alimshika kiuno Guizhen alipokuwa ameinama juu ya mbavu, naye, bila hata kugeuka, akamkanyaga kidole cha mguu kwa kisigino hadi ukucha ukang'oka. Tangu siku hiyo wakamwita Dada Shoka, na utani wao ukahamia mbali, upande wa pili wa meza.

Luo Desheng alikuwa na kibanda cha tambi za konokono nyuma ya soko, akija kila alfajiri kununua mifupa ya kuchemshia mchuzi. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, macho yake mabovu, miwani yake daima imefunikwa na mvuke. Alinunua mifupa mwaka mzima kabla hajathubutu kusema neno jingine. Siku aliyosema, alisimama hatua tatu kutoka mezani.

"Mbona uko mbali hivyo?" Guizhen akamuuliza.

"Nimekuja kukuposa. Nimeona ukikataa, bora nife nikikimbia."

Guizhen alicheka mpaka akaweka shoka chini. Wakaoana. Mtoto hawakujaliwa, na baada ya kupita kwa madaktari na waganga wa mizizi, wakaacha kulizungumzia jambo hilo. Walikuwa na kibanda, walikuwa na meza ya nyama, walikuwa na skuta moja ya umeme, na jioni walikula wakiwa wamekaa bega kwa bega kama vijana.

Tatizo lilikuwa Ailing. Yeye aliolewa na Ou Bin, mnunuzi wa vyuma chakavu nje ya mji, mtu wa kifua kipana na kicheko kikubwa, ambaye harusini aliwabeba wageni wawili mabegani akicheza nao. Mwaka haukuisha Ailing akaanza kuvaa mikono mirefu wakati wa joto. Guizhen alikwenda kwao mara mbili. Mara ya kwanza Ou Bin alipiga magoti, akalia, akajipiga makofi mwenyewe, akamwita "dada yangu wa damu." Mara ya pili alimfungulia mbwa. Guizhen alirudi mjini na suruali iliyochanika, na Ailing alimpigia simu jioni ile kumwomba asije tena. "Ukija, dada, ukiondoka ndiyo ananimalizia mimi."

Basi Guizhen akakaa. Alikata nyama, na wateja wake waliona kwamba siku hizi anaipiga mifupa kwa nguvu kuliko inavyostahili.

Wakati wa mvua za masika Ailing alitokea mlangoni kwao amelowa chapachapa, binti yake Miaomiao mgongoni. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika pale palipokuwa na hereni. Desheng alimchukua mtoto akampa bakuli la tambi bila pilipili, na Guizhen akamsafisha mdogo wake sikio kwa pombe ya mchele.

"Safari hii hurudi," alisema.

"Atakuja."

"Aje."

Na alikuja. Alikuja sokoni asubuhi, watu wamejaa, akasimama mbele ya meza akinunua kwa macho. Guizhen alilikita shoka kwenye gogo, likasimama.

"Nikupimie nini, shemeji?" akauliza. "Ulimi au mkono?"

Ou Bin akacheka kile kicheko chake cha harusini. "Dada Shoka bwana! Wewe kata nguruwe zako. Mke wangu nitamchukua siku utakapokuwa umeshika kitu kingine." Akaondoka akipiga mluzi.

Kuanzia hapo kirikuu yake, kigari cha kubebea vyuma chakavu, ilianza kuonekana: karibu na chekechea ya Miaomiao, karibu na kibanda cha Desheng, imeegeshwa tu, yeye ndani anavuta sigara. Polisi walimwita, wakamwonya, akawaitikia kwa adabu. Ailing akaacha kutoka nje peke yake. Watu wanne hawaenei kwenye skuta moja, na asubuhi moja trafiki aliwasimamisha mtoto akiwa amesimama mbele kama bendera, Ailing nyuma kabisa akijifunika uso kwa sababu skuta imesimama mahali pa wazi.

Desheng ndiye aliyelitoa wazo, usiku wakiosha masufuria. "Tununue gari."

"Gari? Sisi?"

"La umeme. Muuza tofu analo, sembuse sisi. Linachajiwa hapahapa ukutani." Akafuta miwani. "Lina milango, Zhen. Milango inafungwa kwa ndani."

Jumapili wakaenda wote wanne kwenye duka la magari kando ya mto Liu. Walipokelewa na mwuzaji kijana, binti Pan, viatu vyake virefu, sauti yake ya asali. Aliwazungusha kwenye gari jeupe la familia, akafungua buti, akakunja viti, akawasha taa za ndani zikabadilika rangi, Miaomiao akabonyeza kila kitufe kilichobonyezeka. Ailing aliketi kiti cha nyuma akapapasa kitambaa kwa vidole. Ilikuwa wiki nyingi tangu Guizhen amwone anatabasamu.

"Nani ataendesha?" binti Pan akauliza, akimtazama Desheng.

"Mimi nikiendesha, tutanunua na mti tutakaougonga," Desheng akasema. "Mwenye leseni ni bibie hapa. Aliwahi kuendesha gari la nyama la soko."

"Lile lilikuwa la dizeli," Guizhen akasema. "Lilikuwa linakohoa kama baba mkwe. Hili nitajuaje kama limewaka?"

"Hulijui, dada, linakujua lenyewe. Kanyaga taratibu tu."

Guizhen akakanyaga, na gari likatoka kimya kama paka anayeiba samaki. Binti Pan alikaa mbele pembeni yake. Nyuma walikaa Desheng, mtoto katikati, na Ailing dirishani. Wakashika barabara ya mtoni. Vilima vya mawe vilipita, madaraja yakapita, mazungumzo yakakolea. Desheng alitaka kujua kama mapipa ya konokono yataenea kwenye buti. Binti Pan aliapa kwamba hata konokono wenyewe wakiwa hai wataipenda. Miaomiao akauliza kama anaweza kulala humu.

"Huku unaweza kulala, kula, na kuoga," Desheng akamwambia. "Ila kuoga utamwuliza dada Pan."

Pigo la kwanza liliwajia kutoka nyuma.

Halikuwa kubwa. Vichwa vilirudi, kichezeo cha mtoto kikadondoka. Binti Pan akageuka kwa hasira ya kikazi. "Nani huyo kipofu! Dada, simama pembeni, tumpige picha."

Ailing alikuwa ameshatazama. "Ni yeye," alisema, kwa sauti ndogo, kama mtu anayetaja saa.

Guizhen aliiona kirikuu kwenye kioo, mdomo wake mwekundu wa kutu umejaa kioo chote, na nyuma ya usukani ule uso mpana ukicheka. Ikawagonga tena. Safari hii bampa lilipasuka na gari likayumba kuelekea kwenye vizuizi vya mto.

"Simama! Dada Tan, simama!" binti Pan akapiga kelele.

"Nikisimama anatuua. Shikeni."

Akakanyaga mpaka mwisho. Gari liliruka. Binti Pan alirudi kitini kama aliyesukumwa kifuani, Miaomiao akaanza kulia, na kirikuu ikabaki nyuma, ndogo, ndogo zaidi. Kwa dakika chache Guizhen aliamini kwamba yameisha. Kisha barabara ikapinda, na mbele yao wakaona msururu wa magari umesimama: mafundi walikuwa wanachimba bomba, njia moja imefungwa. Alikanyaga breki. Kushoto ukuta wa jiwe, kulia vizuizi, mbele basi. Aliangalia kioo na kuiona kirikuu ikija bila kupunguza mwendo.

Waligongwa kwa nguvu zote. Pua ya gari jeupe iliingia chini ya bampa la basi, mifuko ya hewa ikalipuka, moshi mweupe wa unga ukajaa ndani, na kitambo kidogo hakuna aliyesikia kitu. Desheng alikuwa amemlalia mtoto. Miwani yake ilikuwa imevunjika usoni na damu inamtoka juu ya jicho.

Ou Bin aliteremka na spana ya tairi. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayekwenda dukani, akalipiga dirisha la Ailing mara mbili, kioo kikamwagika. Akaingiza mkono, akazishika nywele za mkewe, akaanza kumvuta kupitia dirishani, mkanda ukiwa bado umemfunga. Ailing hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomwasha Guizhen kuliko yote, baadaye alisema: kwamba hakupiga kelele, alikuwa anajikunja tu kwa uzoefu, akilinda uso kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine.

Guizhen akafungua mlango wake. "Fungia mtoto!" alimwambia binti Pan, na yule binti wa sauti ya asali alivuka juu ya viti, akamtoa mtoto chini ya Desheng, akamshusha kwenye sakafu mbele na kumkalia kama kuku.

Ou Bin alimwona Guizhen anakuja, akaziachia nywele. "Leo huna shoka, dada yangu wa damu," alisema, akazungusha spana.

Guizhen aliinua mkono kukinga kichwa. Chuma kilimpata chini ya kiwiko, na mfupa wake ukavunjika, aliusikia. Maumivu yalikuja meupe, yakampofusha, lakini miguu yake iliendelea kwenda mbele. Alimwingia kifuani kwa bega lilelile alilobebea nusu za nguruwe miaka ishirini na tano. Wakaanguka wote juu ya vipande vya kioo. Alimng'ata. Ou Bin alimpiga ngumi ya kinywa, jino likatoka. Akampiga ya pili, na Guizhen akakitema kinywa kizima cha damu machoni mwake. Spana ilidondoka. Watu walikuwa wameteremka kwenye basi, wamesimama duara, simu juu, na hakuna aliyesogea.

Aliyesogea alikuwa Desheng. Alitambaa kutoka kwenye gari, haoni hata ncha ya pua yake, akapapasa lami mpaka akaukuta mguu, akauliza, "Huu wa nani?" Uliponyanyuka kumpiga teke akajua ni wa nani, akaukumbatia, akaulalia kwa uzito wote wa mwili wake mwembamba.

Hapo ndipo Guizhen alipoipata spana kwa mkono wake wa kushoto. Aliishusha begani kwa Ou Bin. Mfupa wa mtulinga ulikatika, na mtu yule mkubwa akalegea, akalia kama mtoto, akasema, "Basi, dada, basi, nimekoma." Akalala chali, viganja wazi.

Akaiinua tena.

"Dada!" Ailing aliita. Alikuwa nje sasa, nywele zimening'inia upande mmoja, sikio limefumuka. "Dada, amelala. Amekwishalala!"

Guizhen alisikia. Aliyaelewa maneno yote. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, wanasema watu, lakini saa ile haukuwa mchungu kwake hata kidogo. Aliishusha spana kwenye mkono wa kulia wa Ou Bin, ule uliozishika nywele, pale vidole vinapoungana na kiganja, kwa usahihi, kama anatenga kwato. Kisha akaitupa kando, akaketi lamini, na duara la watu likarudi nyuma hatua moja.

Polisi walimpeleka kwanza kufungwa plasta mkononi, wakamhoji baadaye kituoni. Gari lile lilikuwa na kamera kila pembe, na kila kitu kilikuwemo. Afisa, mwanamume wa makamo mwenye uso wa kuchoka, alimwonyesha video mpaka pigo la begani. "Mpaka hapa ulikuwa unajitetea na kumtetea mdogo wako. Hakuna atakayekulaumu." Akaiacha iendelee. "Hapa je? Mtu ameshalala. Pigo hili la mwisho la nini?"

Desheng, kichwa kimefungwa bendeji, alimkanyaga mguu chini ya meza. Guizhen akasema hata hivyo:

"La kwanza halikunitosha."

Afisa aliweka kalamu chini. "Mama, nilikuwa natafuta namna ya kukusaidia."

Kwa pigo lile walimweka ndani siku kadhaa. Ou Bin alipelekwa hospitali, kisha rumande, kisha mahakamani. Binti Pan alikuja kutoa ushahidi amevaa sare ya kazi, ingawa bosi wake alikuwa amemkataza kujiingiza. Alieleza yote, na alipofika kwenye nywele na dirisha sauti ya asali ilimkatika akashindwa kumalizia. Ou Bin alifungwa miaka kadhaa. Mkono wake wa kulia, walisema, hautashika tena kitu kizito. Ailing akapata talaka na mtoto wake.

Siku zile za mahabusu Guizhen alilala chali akitazama dari. Hakujutia bega. Hakujutia hata mkono. Kilichomtoa usingizini ni kwamba vidole vile vilipovunjika, alipata raha, raha ya kweli, tamu, iliyomteremka mpaka magotini. Hakuwa ameonja kitu kama hicho tangu akiwa msichana kijijini. Alijiuliza kama babake naye alikuwa akiionja, jioni zile, na akageuka akautazama ukuta.

Alipotoka, Desheng alikuwa amempikia mchuzi wa mifupa tangu alfajiri. Miaomiao alikuwa mezani akichora. Guizhen alinyoosha mkono wake mzima ili amwekee mtoto nywele nyuma ya sikio, na mtoto akashuka chini ya meza kwa kasi, kimya, mikono kichwani. Alijikunja vilevile kama mamake alivyojikunja dirishani.

Ailing aliinama akamtoa. Guizhen alikwenda uani, akakaa juu ya pipa la konokono, na Desheng alipomfuata akamwambia, "Usinifariji."

"Sikuja kukufariji. Umekalia konokono wangu."

Gari walilinunua mwisho wa kiangazi, la aina ileile lakini la kijani, kutoka kwa binti Pan, ambaye alikuwa amehamia duka jingine. Lakini Miaomiao hakukubali kupanda Guizhen akiwa kwenye usukani. Walimbembeleza, wakamhonga tambi, wakamhonga bata wa plastiki. Alishika nguzo ya mlango na kupiga mayowe. Basi hapakuwa na njia. Ailing, aliyekuwa haendi hata dukani peke yake, akajiandikisha kujifunza udereva. Alifeli mara ya kwanza. Mara ya pili alifeli pia. Mwalimu alimwambia anaendesha kama anayetembea na yai mdomoni. Mara ya tatu akafaulu, akarudi nyumbani na leseni, na usiku huo walimsikia akicheka peke yake jikoni.

Jumapili ya kwanza alikaa nyuma ya usukani, mgongo wima, mikono imekauka. Desheng alikaa mbele na miwani mipya, akimwelekeza njia asiyoiona. Guizhen alikaa nyuma na Miaomiao, kila mtu dirishani kwake, kati yao nafasi ya mtu mzima. Ailing aliendesha polepole mno hata skuta zikawapita zikipiga honi.

"Yule bibi kizee mwenye mkokoteni anatupita," Desheng akasema. "Hapana, samahani. Ameshatupita."

"Shemeji, usinichekeshe, nitagonga."

"Kwa mwendo huu? Ukimgonga mtu atakuomba radhi."

Wakapita barabara ya mtoni. Pale kwenye kona palipokuwa na shimo la bomba lami ilikuwa mpya, nyeusi. Ailing hakugeuza kichwa. Guizhen aliutazama mkono wake, uliounga vibaya kidogo, umepinda chini ya kiwiko. Siku za mvua ulimuuma na hakuweza tena kukata mbavu kwa pigo moja.

Miaomiao alikuwa anautazama pia. Baada ya kitambo akasogea. Akasogea tena.

"Mama mkubwa, uliumia?"

"Niliumia."

"Wapi?"

Guizhen akakunja mkono wa shati. Mtoto aliutazama uvimbe wa mfupa, akanyoosha kidole kimoja, akaubonyeza. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, akimchungulia usoni, kama anayesubiri kuona atafanya nini. Ulimuuma mpaka machozi yakamlenga. Guizhen aliuacha mkono palepale, hakuutikisa.

"Na hapa?"

"Na hapo pia," akasema Guizhen.